Kujiandikisha ni bure, basi nani anatoza?

Tangu mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza Februari 2023 ng'ambo ya Lubunga, familia zilizovuka mto zinaambiwa neno lilelile: msingoje misaada, anzeni biashara ndogo. Sawa. Mama anatafuta beseni la kwanga, meza na parasoli, anakaa kando ya soko. Siku hiyohiyo anafika mtu mwenye daftari, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila mmoja anataka franka zake, na kitansi haionekani.

Halafu wakubwa wanashangaa kwamba watu wa soko hawapendi kuandikishwa!

Sheria yenyewe si mbaya. Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na sheria ya biashara ya OHADA imemwekea mtu mdogo nafasi yake, inamwita "entreprenant". Huyu haandikwi kwenye RCCM kama duka kubwa. Anajaza fomu kwenye grefe ya tribinali ya biashara, au kwa ofisi iliyopewa kazi hiyo, anapata namba, na sheria inasema wazi: bila malipo. Kodi ya mapato nayo, sheria ya 2013 iliiweka franka 50,000 kwa biashara ambayo mauzo yake hayapiti milioni 10. Ni kwa mwaka, si kwa juma. Patenti ni jambo lingine, na soko lina tikiti yake. Hizo zilipwe, lakini kwa kitansi yenye namba na muhuri.

Na yule anayemwambia mama alete kwanza ruhusa ya bwana yake amechelewa: ruhusa hiyo iliondolewa Kanuni ya Familia ilipogeuzwa Julai 2016.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kitambulisho. Hapa kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Nyumba iliyoungua Lubunga iliungua na kadi ndani, na bila kadi konti haifunguliwi, pengine hata laini ya simu ya kupokea pesa haipatikani. Inabaki likelemba ya majirani, ambao hawaulizi kadi kwa sababu wanamjua mtu. Anayempa mama huyo mafunzo ya biashara ya siku tatu na kumwacha bila kitambulisho amempa daftari na kalamu tu.

Wengine watajibu kwamba komini nayo inahitaji mapato. Kweli inahitaji, Makiso kama Mangobo. Lakini franka inayotolewa bila kitansi haifiki kwenye kasha ya komini.

Kinachotakiwa hakihitaji wafadhili. Kila burugumestre abandike bei zote mlangoni mwa komini na sokoni, kwa Kiswahili na Kilingala. Grefe itume karani na fomu mahali wakimbizi wanapoishi, hata mara moja kwa juma. Hati ya kupoteza kadi itolewe bure kwa waliokimbia, na ikubaliwe kila ofisi. Na mtoza kodi asiye na kitansi arudishwe mikono mitupu mbele ya wauzaji wote, hata akija na polisi nyuma yake.