Mazungumzo Yaliyozaa Nyimbo

Wapo wenzetu, hasa miongoni mwetu sisi tunaoshika kalamu na chaki, wanaodhani kuwa sanaa ni kitu cha kupumzikia baada ya kazi, na kwamba mazungumzo ya barazani ni kupoteza wakati. Fikira hiyo haina budi kupingwa, na shahidi wa kuipinga ni marehemu Bibi Siti binti Saad.

Bibi huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa, akawa akitembeza vyungu vya kuuza kabla ya kuhamia mjini. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay, ikasikika pwani nzima. Watu hupenda kuikumbuka safari ile kwa fahari, na wana haki. Lakini nyimbo zenyewe hazikutoka Bombay. Zilitoka Ng'ambo, nyumbani kwake, ambako yeye na wenzake akina Maalim Shaaban na Subeit Ambar walikutana usiku, na majirani wakaingia na habari za mchana: nani kafungwa, nani kadhulumiwa, ndoa ya nani imevunjika. Jambo lililoleta simanzi mwanzo wa usiku liliweza kugeuka kejeli kabla ya watu kuagana. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akavukia bara, huku waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa, haukuwa burudani tupu. Yalikuwa maoni ya raia juu ya mahakama ya kikoloni.

Nao wanaosema kuwa wimbo na imani havikai nyumba moja wazingatie hili: Bibi Siti alisifika pia kwa kisomo chake cha Kurani. Mtu yule yule aliomboleza, akacheka, akamnyenyekea Mola wake, bila kujigawa vipande. Mimi sioni unafiki hapo. Naona mtu aliyekamilika.

Marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali na mwenyeji wa Tanga, aliutambua ukamilifu huo. Alimwendea Bibi Siti uzeeni, akazungumza naye, na katika mazungumzo hayo kikapatikana kitabu cha *Wasifu wa Siti binti Saad*. Hakungojea semina wala posho.

Vitabu vya mwandishi huyu hufundishwa shuleni, lakini mara nyingi mwanafunzi huagizwa kuhesabu dhamira na tamathali za semi kwa ajili ya mtihani, asijue kamwe kwamba kitabu kinaweza kuanza kwa watu wawili kukaa na kusikilizana. Maofisini nako hali si njema zaidi. Mazungumzo yetu yamebaki ya vyeo, uhamisho na posho. Mwenzetu akifiwa tunachanga, tunazika, na Jumatatu tunamrudishia majalada yake kana kwamba ndani ya moyo wake hakuna kilichobadilika.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza na jambo dogo: wampe kila mwanafunzi daftari, wamtume kwa mzee wa mtaani kwake anayezijua nyimbo za zamani, akae naye jioni nzima, asikilize kwanza kabla ya kuandika. Bibi Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimkuta katika siku za mwisho za maisha yake.