Komori haijafichwa, ni sisi hatujauliza

Wacha niseme tu: hii tabia ya kuita mahali "kisiwa kisichojulikana" imenichosha. Kila wiki kuna video mpya. Droni juu ya maji ya samawati, muziki wa polepole, halafu msee anatuambia amepata paradiso ambayo hakuna mtu anaijua. Hakuna mtu nani? Hiyo paa droni yako imepita juu yake ni ya nyumba ya mtu. Kuna mama hapo chini anapika.

Chukua Komori. Wengi wetu tukiwaza visiwa tunawaza Zanzibar, na tukiota sana tunaota Maldives ama Bali. Komori hata hatuitaji, na iko hapa tu, kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Madagaska. Ni visiwa vinne vilivyotokana na volkeno: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Kule Ngazidja, mlima Karthala bado uko hai. Una urefu wa mita 2,361, na mji mkuu, Moroni, uko chini yake, ufukweni penye mawe meusi ya lava.

Lakini kitu kitakushangaza zaidi ni lugha. Shikomori ni ndugu ya Kiswahili. Si lugha moja, lakini ukitega sikio utashika maneno mengi. Mtu akikuambia "marahaba" huko, hajibu shikamoo yako, anasema asante. Na Wangazija wameishi Mombasa na Zanzibar vizazi na vizazi. Kwa hivyo Mkenya akienda Komori na kusema "nimegundua" ni kama kwenda kwa shangazi yako ushago na kusema umegundua boma.

Kuna hadithi moja inanifunza hii kitu vizuri. Wanasayansi walikuwa wanaamini samaki anayeitwa silikanti alitoweka pamoja na dinosaria. Halafu 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, dunia ikashtuka. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili kwa miaka 14, hadi akasambaza matangazo ya kuahidi zawadi. Wa pili alipatikana Desemba 1952, Nzwani. Na wavuvi wa huko walikuwa wanamjua kitambo. Walikuwa na jina lake: gombessa. Wangeulizwa mapema, hiyo miaka 14 ingepungua sana.

Leo timu ya taifa ya Komori inaitwa kwa jina la huyo samaki. Hao ndio walioipiga Ghana 3-2 Januari 2022, mara yao ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na Ghana ikapanda ndege kurudi nyumbani.

Najua mtasema: lakini hizo video zinaleta watalii, na watalii wanaleta doo. Ni kweli, na Komori inahitaji hizo doo. Mimi sisemi tusiende. Nasema twende kama wageni walioalikwa. Mgeni huuliza maji yanatoka wapi kabla ya kuoga nusu saa. Ngazidja haina mito, kwa sababu mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya lava, na watu wengi hutegemea maji ya mvua waliyoyakinga kwa matangi. Mgeni akienda Itsamia, kule Mwali, kuona kasa wakitaga usiku, hulipa kiongozi wa kijiji na kuzima taa ya simu, kwa sababu wanakijiji ndio wanaowalinda hao kasa. Mgeni akivutiwa na harufu ya langilangi inayotumika kutengeneza manukato ya bei kali Ulaya, huuliza pia inakamuliwaje. Kule Nzwani mafuta hayo huchemshwa kwa kuni, na hizo kuni zimechangia misitu kupungua.

Halafu kuna jambo ambalo huwezi kuliona kwa droni. Mwaka 1974 kulikuwa na kura. Visiwa vitatu vikataka uhuru, wengi Maore wakakataa. Komori ikajitangazia uhuru 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki na Maore, na 2011 ikaifanya mkoa wake kamili. Tangu 1995, mtu wa Nzwani anahitaji viza kwenda Maore, ambako pengine dada yake anaishi. Ni kilomita 70 hivi. Wasiopata viza hupanda vimashua vinavyoitwa kwassa-kwassa, usiku, na inakadiriwa maelfu wamekufa maji hapo katikati.

Hayo ndiyo maji yale yale ya samawati kwenye video. Mtalii akiyapiga picha ni mandhari. Kijana wa Nzwani wa umri wako akiyaangalia ni mpaka. Wewe ukiwa na pasipoti na nauli unaitwa msafiri. Yeye akivuka kwenda kwa dada yake anaitwa haramu. Ukiita hapo "mbali na shida za dunia," tafadhali jua shida za dunia zinapita hapo kila wiki, tena kwa mashua iliyojaa kupita kiasi.

Mimi nachanga nauli, nitaenda. Na nimejiwekea sheria tatu: kila mahali nitakapoonyesha nitapataja kwa jina lenye watu wake wanalitumia, nitaomba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwa mtu, na neno "siri" halitaingia kwa kichwa cha video yangu hata moja.

Wewe una nani Komori, Lamu, ama kisiwa kingine ambacho watu hukiita "hakijulikani"? Tuambie jina la kijiji chao hapo chini.