Seli Shina na Haidrojeli: Istilahi Mbili, Vigezo Viwili

Uundaji wa istilahi za tiba mpya haupaswi kuchukuliwa kuwa ni shughuli ya kutafuta visawe tu. Mgonjwa anayetakiwa kuridhia tiba kwa maandishi ya Kiswahili hutegemea neno alilopewa. Neno likipotosha, ridhaa yake ina walakini.

Mfano bayana ni matumizi ya haidrojeli asilia kupelekea seli shina kwenye tishu iliyoharibika, kama vile gegedu la goti. Seli zikidungwa peke yake, nyingi hufa au husombwa kabla ya kufanya kazi. Kwa hiyo watafiti huzitia katika wavu wa molekuli ndefu uliofumbata maji mengi, unaotokana na kolajeni, jelatini au alijineti ya mwani. Wavu huo huzishikilia seli mahali pake, hupitisha oksijeni na lishe, kisha huvunjika taratibu.

Kwa dhana ya kwanza, mfasiri aweza kushawishika kutumia ‘seli mama’. Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, katika biolojia seli mama ni seli yoyote inayogawanyika na kuzaa seli binti. Pili, mgonjwa aweza kudhani kwamba seli hizo zimetoka kwa mama mzazi, ilhali huenda zimetolewa katika uboho au mafuta yake mwenyewe. ‘Shina’ halina utata huo: ndilo litoalo matawi. Isitoshe, Ernst Haeckel alipotumia neno la Kijerumani Stammzelle mwaka 1868, alijenga juu ya taswira hiyohiyo.

Dhana ya pili yadai kigezo kingine. ‘Ute’ na ‘rojo’ ni maneno ya wenyewe, lakini ute umekwishashika nafasi yake katika elimu ya mwili, na rojo hutiririka, hali haidrojeli ikishaganda hushika umbo. Hapa mkopo ni bora, tena una jamaa zake: haidrojeni na jeli.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, miaka minane kabla ya James Thomson na wenzake nchini Marekani kutenga seli shina za kiinitete cha binadamu. Hapana budi wanaisimu na matabibu wakae pamoja kabla ya fomu za ridhaa kuchapwa, si baadaye. Mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989 hutoa karajinani, nayo huunda haidrojeli. Haielekei mkulima auze malighafi ya kitu ambacho lugha yake haijakipa jina.