Umeme wa hospitali si adhabu

Ukisikia mgonjwa wa akili amepigwa umeme hospitali, unafikiri nini? Wengi hufikiri amepigwa shoti kama mtu aliyeshika waya. Hufikiri ni adhabu ya mkorofi. Hata jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, tumeligeuza kuwa tusi. Basi mgonjwa anafichwa nyumbani. Wengine humfunga kamba.

Wazee wangu, siwacheki. Hofu hii ina mzizi. Tiba hii ilianza Roma, nchini Italia, mwaka 1938. Madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini walipitisha umeme kichwani mwa mgonjwa ili atikisike kama mwenye kifafa. Mgonjwa hakulazwa usingizi. Katika miaka ile wako waliovunjika mifupa. Tena katika baadhi ya hospitali za Ulaya na Marekani, umeme ulitumiwa kuwatisha wagonjwa wabishi. Nani asiogope?

Lakini siku hizi, ikifanywa inavyotakiwa, mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli. Umeme hupita sekunde chache tu. Mtikisiko huisha kwa muda wa dakika moja hivi. Akiamka, hakumbuki umeme. Kwa kawaida hurudiwa mara 6 hadi 12, katika wiki kadhaa.

Wagonjwa wengi hawahitaji umeme. Hutibiwa kwa vidonge au sindano. Umeme ni wa yule aliyezidiwa na huzuni hata hali wala hanywi. Au amekakamaa kama gogo, hasemi. Au anataka kujiua, na dawa hazikumfaa. Huyo mkimficha ndani, atawafia.

Madhara yapo. Kichwa huuma. Mgonjwa husahau mambo. Mengi hurudi, lakini wako wanaopoteza kumbukumbu nyingine moja kwa moja. Daktari asiyekueleza hayo simsifu, hata akiwa mkubwa wangu wa kazi.

Hapa zahanati hatuna mashine hiyo. Sisi tunampima mgonjwa na kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Ukifika huko, uliza. Je, atapewa dawa ya usingizi? Je, mwenyewe amekubali? Kama hawezi kusema, nani anakubali kwa niaba yake? Shirika la Afya Duniani limesema tiba hii isifanywe bila usingizi na bila ridhaa. Ukiambiwa dawa ya usingizi haipo, kataa, kisha uulize kuna tiba gani nyingine.