Maji yakikatika, tuanze kwenye tiyo, si kwenye mota



Kiangazi kimeingia. Sasa bustani za kando ya ziwa na mito ndizo zinazotoa nyanya, vitunguu na lengalenga za sokoni. Kwa vikundi vyetu vingi, fedha hiyo ndiyo minervali ya watoto wa sekondari mwezi wa Septemba. Motopompa ikilala siku 4 wakati wa jua hili, hasara inaingia mpaka nyumbani.

Tuna desturi moja mbaya. Maji yakikatika, tunavuta kamba ya mota mpaka mabega yanauma, halafu tunaita fundi. Fundi anafungua kabureta, tunalipa, na pengine kilichokuwa kimeziba ni jani moja kwenye tiyo. Jani hilo hata sisi tungelitoa.

Tukumbuke kwamba mota ni kitu kimoja na pompa ni kitu kingine, ingawa vimefungwa pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mota inanguruma, ao imezima?

Mota inanguruma, maji hayatoki. Basi tusiguse mota. Tuizime, maana pompa ikizunguka bila maji, ule mpira unaozuia maji ndani yake unaungua haraka. Kisha tuangalie kwa utaratibu:

1. Je, pompa ilijazwa maji kupitia kizibo cha juu kabla ya kuwasha? Pompa kavu haivuti.
2. Kichungio, yaani kile kikapu cha mwisho wa tiyo, kimezama chote? Kimeziba kwa majani ao matope? Tukiweke ndani ya kikapu cha miti, kisiguse udongo wa chini.
3. Hewa inaingia wapi? Pompa inatoa hewa ndani ya tiyo, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuharibu kazi yote. Tukaze vifungo vya tiyo, tuangalie kama mpira wa kwenye kiungo upo na haujapasuka. Tukiwasha tena, tumwage maji juu ya kila kiungo. Pale ambapo mlio unabadilika ao maji yanaanza kutoka, ndipo penye tundu.
4. Pompa iko juu sana? Vitabu vya mashine hizi vinataja meta 7 ao 8 toka maji mpaka pompa, lakini hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko karibu meta 1460 juu, na hewa yetu ni nyepesi. Meta 5 zinatutosha. Ni afazali kushusha pompa karibu na maji na kurefusha tiyo ya kutolea.

Mota imezima, haiwaki. Esansi ipo, na robine yake imefunguliwa? Mafuta ya mota yanafika kwenye alama? Tupime mashine ikiwa imekaa sawa, si kwenye mteremko. Mashine nyingi zina kifaa kinachozuia mota kuwaka mafuta yakipungua, na mtu anazania imekufa. Baadaye tuangalie chujio la hewa. Likiwa la sponji, tulifue kwa maji ya sabuni, tulikaushe, tulipake mafuta kidogo na kulikamua. Mwisho ni buji: ikiwa nyeusi ao imelowa, tuisafishe na kuikausha. Hayo yote yakishindikana, sasa fundi aitwe, na tumweleze tulichokwisha kuangalia.

Kila kikundi kiwe na daftari la masaa. Mota ndogo za esansi kwa kawaida zinabadilishwa mafuta baada ya masaa 20 ya kwanza, kisha kila masaa 100. Bila kuandika, nani atakumbuka?

Jambo moja lisilo na mzaha: motopompa isiwashwe ndani ya nyumba wala isishushwe ndani ya shimo ao kisima. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anaanguka bila kujua. Pia tusijaze esansi mota ikiwa moto, wala tusiiweke katika chupa za maji ambazo mtoto anaweza kunywa.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kichague mama wawili, si mmoja, wa kutunza mashine. Kama kitabu chake ni cha Kifaransa, kijana wa sekondari awasomee kwa sauti mbele ya mashine yenyewe, na kila sehemu inayotajwa waiguse kwa mkono. Wakisha kuifahamu, wawafundishe wengine wawili. Fedha tuliyochanga ilinunua mashine. Tusiache ujuzi wake ukae kwa mtu mmoja anayeishi mbali.