Jumanne ya Kawaida

Kijana wa Nairobi huandikwa sana anapokuwa takwimu, na huandikwa zaidi anapokuwa maiti. Matokeo ya sensa ya 2019 yalipotoka tuliambiwa kwamba karibu robo tatu ya Wakenya hawajafikisha miaka 35, na tangu hapo ni nadra kusikia hotuba ya kisiasa isiyoitaja robo tatu hiyo. Kisha ikaja Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024. Wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga, vijana waliokuwa nje wakaingia bungeni, risasi zikalia, watu wakafa barabarani. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ulimwengu ukatufahamu kwa Jumanne hiyo moja.

Toleo hili linahusu Jumanne nyingine zote.

Tuliwaomba waandishi, wote wakiwa chini ya miaka 35, watuandikie siku moja ya katikati ya wiki isiyo na tukio lolote, na tukawawekea mipaka: Westlands na mitaa inayoizunguka, kuanzia Museum Hill hadi Kangemi, kuanzia Parklands hadi Kileleshwa. Ijumaa tuliikataa. Ijumaa usiku ya Westlands imeshaimbwa na kupigwa picha za kutosha. Jumapili nayo mtu huvaa vizuri na kusema vizuri. Jumanne hakuna anayekutazama, mshahara uko mbali mbele na mbali nyuma, na unaishi jinsi unavyoishi kweli.

Kuna wasomaji watakaouliza kama huu ni wakati wa kuandika kuhusu viatu, tokeni za umeme na chai ya kibandani, nchi ikiwa na mambo mazito namna hii. Nawaheshimu wanaouliza hivyo, lakini nasema kwa yakini kwamba asiyezijua Jumanne hizi ndogo hawezi kuieleza ile ya Juni. Mswada ule ulipochapishwa Mei 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mafuta ya kupikia yatozwe ushuru wa asilimia 25, na ushuru wa kutuma pesa kwa simu upande kutoka asilimia 15 hadi 20. Mapendekezo hayo yaliondolewa tarehe 18 Juni, nayo ilikuwa Jumanne, baada ya umma kupiga kelele, siku ile ile vijana walipoanza kujaa barabarani. Wachambuzi walishangaa kwamba watoto wa mjini wameusoma mswada wa kurasa nyingi na kuuelewa. Mimi sikushangaa. Mtu anayenunua mafuta ya kupima, anayetazama kipimo kikishushwa kwenye kidumu na kujua kwa jicho kama kimejaa, hahitaji mchumi wa kumweleza maana ya asilimia 25.

Na kwa nini Westlands? Kwa sababu hakuna sehemu ya jiji inayojitokeza zaidi kwenye picha huku watu wake wakijulikana kidogo namna hiyo. Enzi ya ukoloni mitaa ya huku, Parklands na jirani zake, ilikuwa ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliingia na kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, shingoni kupika, kufua na kulima bustani, na hakutarajiwa kujihesabu mkazi. Kangemi ilikuwa ng'ambo ya mpaka, sehemu ya eneo la Wakikuyu la Kiambu, na ilikuja kuwa Nairobi pale mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Leo hakuna sheria inayomzuia mtu kupanga nyumba Westlands. Kinachomzuia ni kodi. Basi mkondo wa watu umebaki ule ule: asubuhi unashuka kutoka Kangemi, jioni unapanda kurudi, juu ya barabara iliyopewa jina la Waiyaki wa Hinga, aliyewapinga Waingereza kule Dagoretti na kufia Kibwezi mwaka 1892 akiwa mateka wao.

Simama karibu na makutano ya James Gichuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwatazame. Walinzi wa zamu ya mchana, wafua nguo, wapishi, mafundi wa mjengo na kofia zao zikining'inia mkononi, makarani, wauzaji wa maduka ya Sarit, vijana wa tarakilishi wenye mikoba mgongoni. Wengi wanatembea. Tafiti za usafiri za Nairobi zimekuwa zikirudia jambo moja kwa miaka mingi, kwamba takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Matatu zipo, lakini mvua ikinyesha nauli hupanda kabla hujafunga mwavuli, na siku tano za nauli iliyopanda zinatosha kuivuruga bajeti ya wiki nzima. Juu ya vichwa vyao kuna barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi hapa Westlands, iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022. Mtembea kwa miguu haruhusiwi kuipanda, wala bodaboda. Huipata kwa kivuli chake.

Sisemi barabara ile haikupaswa kujengwa. Nasema tumeipiga picha mara nyingi mno kuliko njia ya miguu iliyo chini yake. Ken Walibora, ambaye riwaya yake ya Siku Njema ya mwaka 1996 ndiyo iliyowafundisha wengi wa rika langu kwamba Kiswahili kinaweza kukukesheza, alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu katika Barabara ya Landhies. Alikuwa anatembea kwa miguu. Sijawahi kuvuka barabara ya jiji hili tangu siku hiyo bila kumkumbuka.

Katika toleo hili kuna makala nzima ya viatu. Mwandishi wake ni mpokea wageni katika mojawapo ya majengo marefu ya Westlands. Kila asubuhi hushuka kutoka Kangemi amevaa raba, na viatu vya kazini amevifunga kwa leso ndani ya mkoba. Akifika nyuma ya jengo anaingia kwenye kibanda cha mama anayeuza chai na mandazi, anakaa kwenye benchi, anapangusa miguu kwa kitambaa chenye maji, anabadilisha. Raba zinabaki chini ya benchi hadi jioni. Siku ya masika mama wa chai huzisukuma karibu na jiko zikauke. Hamtozi chochote, ila dada huyu hanywi chai mahali pengine, hata ofisini inapotolewa bure. Mwandishi anataja jozi za wengine pia zilizopangwa chini ya benchi lile, na anajua kila jozi ni ya nani na yuko ghorofa ya ngapi. Nimehariri makala nyingi kuhusu uchumi wa jiji hili, na sikumbuki iliyonieleza vizuri kuliko hiyo jinsi mnara wa vioo unavyosimama.

Meja Mwangi aliliona jambo hilo mapema. Katika Going Down River Road, iliyotoka 1976, Ben na wenzake wanajenga jumba la ghorofa 24 na usiku wanarudi kwenye vibanda. Aliwatazama kwa karibu, jasho na njaa na ulevi wao, bila kuwatetea wala kuwahukumu. Ila aliandika kwa Kiingereza. Kwa upande wetu, Wakenya wengi hukutana na riwaya ya Kiswahili darasani ikiwa kitabu teule, huipigia mistari kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha huachana nayo. Hivyo tumekuwa na hali ya ajabu katika mji huu. Kiswahili ndicho tunachopigania nacho nauli na makanga, tunachombembelezea keateka atungoje hadi mwisho wa wiki, tunachotongozea, tunachoombolezea. Lakini kijana akikaa chini kuandika maisha yake mwenyewe, anakimbilia Kiingereza. Gazeti hili lipo ili akikaa chini akute nafasi imeshaandaliwa. Sheng tumeiacha pale mwandishi alipoihitaji. Hatukuisahihisha na hatukuiwekea alama za kunukuu, kwa maana ni lugha ya watu wenyewe na haiazimwi.

Kuna makala tulizozikataa, na wenyewe wanastahili kujua sababu. Zilikuja nyingi za mafanikio: nilianza na trei moja ya mayai, leo nina maduka. Zilikuja nyingi pia zilizosema maisha ya jijini ni magumu na zikaishia hapo. Tuliwaandikia waandishi wa aina zote mbili swali moja: saa ngapi? Ugumu huo unaanza saa ngapi, unalipiwa shilingi ngapi, nani yuko chumbani wakati huo? Waliojibu swali hilo ndio utakaowasoma.

Mmoja aliyejibu anaishi Kileleshwa, mtaa uliokuwa wa nyumba za chini zenye bustani pana na sasa umekuwa wa maghorofa. Ukisikia anwani yake utasema ameomoka. Wanakaa wanne katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, wamegawana kodi, na ifikapo tarehe tano kila mmoja anamtazama mwenzake. Ameandika mshahara wake mstari kwa mstari. Kabla haujamfikia umeshatoa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na kodi ya mapato juu yake. Ukishaingia unatoka kwenda kwa kodi, tokeni, maji ya mitungi wiki mfereji unapokauka, bando, nauli, na nyumbani Busia. Ikifika tarehe 15 anaishi kwa mkopo wa Fuliza, na kila senti inayoingia kwenye simu inamezwa na deni kabla hajaiona.

Lakini kilichonishika katika makala yake si hesabu. Ni bafu. Mama yake humpigia Jumanne usiku, baada ya mkutano wa chama. Sebuleni kuna wenzake watatu, basi yeye huchukua simu akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na kuongea kwa sauti ya chini. Anamwambia amekula. Anamwambia kazi inaendelea vizuri. Anaingia bafuni ili wenzake wasimsikie akidanganya, kwa sababu wamekula pamoja na wanajua walichokula. Halafu anaandika kwamba amewahi kuwasikia wao pia, mmoja baada ya mwingine, kupitia mlango ule ule, wakiwaambia mama zao maneno hayo hayo. Hakuna takwimu ya ukosefu wa ajira iliyowahi kunionyesha upweke wa rika letu namna hiyo: watu wanne waliobanana kwenye nyumba moja na kila mmoja akitafuta mlango wa kufunga.

Westlands imekuwa na siku zake za kutisha. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliwaua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate. Tarehe 15 Januari 2019 wakawaua 21 kwenye jumba la DusitD2 kule Riverside. Hiyo ya pili ilikuwa Jumanne, mchana wa kazi, watu wakiwa madawatini na wengine mezani. Katika wiki ile magazeti yalitueleza waliouawa walikuwa nani, walipenda nini, walikuwa wakiwatunza akina nani. Nilizisoma habari zile moja baada ya nyingine nikijiuliza kwa nini ilibidi wafe ndipo tuambiwe. Kama kuna chanzo cha toleo hili, basi ni swali hilo, na nimelibeba kwa miaka.

Njia tuliyotumia kuwatafuta waandishi ilituletea shida moja ambayo sitaki kuificha kwa wasomaji. Wito wetu ulizunguka kwa simu na kwa barua pepe, na walioitikia ni watu wenye saa moja ya kukaa peke yao na kuandika. Dada wa kazi hana saa hiyo. Yumo katika karibu kila nyumba ya Parklands na Kileleshwa, mara nyingi ni kijana kuliko waandishi wetu wote, na Jumanne yake huanza kabla ya ya mwenye nyumba na huisha baada yake. Tukaamua kumfuata. Mmoja alikubali kutusimulia mchana, mtoto amelala, yeye akipiga pasi. Mwenzetu alikaa kwenye kiti cha jikoni akaandika neno kwa neno, akingoja kila pasi ilipohitaji kujazwa maji.

Alikuwa na masharti mawili. Jina lake lisitajwe, na tusichapishe kabla ya kumsomea. Tulimsomea kwa simu Jumanne iliyofuata. Alisikiliza hadi mwisho, akasahihisha bei ya sukumawiki, akasahihisha saa anayoamka tuliyokuwa tumeiandika nusu saa mbele, kisha akaomba aya moja iondolewe, ile aliyosimulia jinsi mtoto anayemlea alivyomwita mama mbele ya mama yake. Kama mhariri niliitaka sana aya ile. Tumeiondoa kama alivyotaka, na makala yake ndiyo inayofungua kurasa zinazofuata.