Mtoto anayepiga yowe si "noise maker"

Test zimetubana hapa kampasi kwelikweli, ila kuna jambo linanisumbua kichwa tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha kule nyumbani Bariadi. Leo nalitoa.

Hivi mtoto wa shule zetu anajifunza Kiingereza gani kuhusu sauti yake mwenyewe? "Keep quiet." "Silence." "Don't make noise." Halafu ile karatasi maarufu ya monita, imeandikwa "Noise makers" juu, majina yamepangwa chini. Yaani Kiingereza cha kunyamaza anakijua kabla hajafika kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Cha kuomba msaada hana! Muulize yowe ni nini kwa Kiingereza, atakwambia "noise". Muulize kulia, atakwambia "cry", basi, kamaliza.

Sasa sisi Wasukuma tuna mwano. Kwa wadau wa Pwani, mwano ni lile yowe la hatari: anayelisikia anatoka nje, analipokea na kulipeleka mbele mpaka kijiji cha jirani. Sungusungu walipoanza huko Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea Usukumani, wezi wa ng'ombe walisakwa kwa filimbi na mwano. Bariadi wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu imezaliwa 2012. Uliyesikia ukabaki umejifunika shuka, faini inakuhusu. Ndiyo kusema mwano haumhusu anayelia peke yake. Unamdai anayesikia.

Kinachonifurahisha ni kwamba Waingereza nao walikuwa na mwano wao! Waliuita "hue and cry". Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, enzi za mfalme Edward wa Kwanza, ilitaka watu wapige yowe na kumfukuza mhalifu toka mji hadi mji, na eneo lililoshindwa kumpata mnyang'anyi lilibanwa kulipa hasara. Neno "cry" lilitoka kwa Wafaransa likiwa na maana ya kupaza sauti, kuita. Machozi yalikuwa na neno lake la zamani zaidi, "weep". Baadaye "cry" ikachukua na machozi, na "weep" ikabaki zaidi vitabuni.

Na leo? Kijana anaandika "I'm crying" huku anacheka hadi mbavu zinauma. Ile picha ya uso unaocheka machozi ndiyo Oxford waliichagua kuwa neno la mwaka 2015. Hebu angalia safari hiyo jamani: neno limetoka kwenye yowe, likaenda kwenye machozi, sasa limefika kwenye utani. Maneno yana haki ya kubadilika, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni sisi walimu kumpa mtoto neno hilo moja tu, wakati Kiingereza chenyewe kina "sob" ya kwikwi, "wail" ya msibani, "scream" ya hofu, "shout" ya kupaza sauti, na "help" ambayo ndiyo mwano wenyewe.

Najua kuna atakayesema mwano huohuo umeleta maafa. Ni kweli. Watu wamepigwa hadi kufa kwa sababu mtu mmoja kaita "mwizi!", na Kanda ya Ziwa tunajua vizuri habari ya vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Lakini dawa yake si kumziba mtoto mdomo. Dawa ni kumfundisha anayesikia: njoo, uliza, mwokoe aliye hatarini, mtuhumiwa mpeleke polisi akiwa hai.

Fikiria binti anayetembea kilomita kadhaa peke yake kurudi nyumbani, jioni, katikati ya mashamba ya pamba. Miaka saba tumemzoesha kwamba kupaza sauti ni kosa la kuandikwa jina. Siku akikamatwa mkono na mtu mzima, hiyo sauti ataitoa wapi?

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wenzangu tunaokwenda kuajiriwa: siku ya kufundisha "cry", fundisha na "help", na watoto waitamke kwa sauti kubwa, darasa la jirani lishtuke! Waandikie ubaoni na namba 116 ya msaada kwa mtoto, kupiga ni bure. Kiswahili chetu kimeshaturahisishia: yowe tunapiga, simu tunapiga. Na yule monita tumweleze tofauti ya anayepiga soga na anayeita.

Nawasilisha. Tuko pamoja!